Mikono Nyuma

Benchi letu ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali, mbele ya duka langu la kunyolea, pale barabara inapokata kona kuelekea geti la sekondari. Kushoto kabisa, karibu na jiko la mkaa, anakaa Spika, tarishi mstaafu ambaye hajawahi kukanyaga bungeni lakini anaongea kama mtu aliyezaliwa humo. Anayemfuata ni Dokta, aliyekuwa bawabu wa hospitali mpaka walipomwambia apumzike. Mpaka leo akikutazama usoni anakutajia ugonjwa. Kulia kabisa ni Spoku, fundi baiskeli, ambaye kibanda chake kimeegemea ukuta wangu, kwa hiyo yeye hukaa nusu kijiweni, nusu kazini. Birika ni la Shangazi, muuza kahawa wetu, na kwa kuwa kahawa ni yake, hakuna anayethubutu kumkatiza. Mimi kinyozi nasimama mlangoni na mkasi wangu, nasikia yote, naonekana kama sisikii.

Siku hiyo Spoku alikuwa kimya, na kimya cha Spoku huwa kinatutia njaa ya maneno. Shangazi akamchokonoa taratibu mpaka akatema. Kaka yake mwenye duka la simu mjini amempa nafasi binti wa Spoku: kila mchana aende dukani, ajifunze kutengeneza simu, kazi safi, kazi ya ndugu. Anataka jibu leo. Atapiga simu kabla jua halijazama.

Sasa huyo binti, ambaye ndiye mtoto pekee wa Spoku, alimaliza sekondari mwaka jana. Asubuhi anasoma chuo cha ufundi. Mchana, wenzake waliomaliza naye wanapokwenda kutafuta maisha au kulala, yeye anarudi shuleni. Shule ileile, geti lilelile, kwenye klabu ya watoto wanaotengeneza roboti. Akikubali kazi ya baba yake mkubwa, klabu ndiyo basi tena. Spoku alishaanza kuuelekeza moyo wake kwenye duka la simu, ila bado alikuwa hajasema ndiyo.

— Mtu akimaliza shule, amemaliza, Spika akasema. Hiyo ndiyo hoja, na hoja imeungwa mkono.

— Imeungwa mkono na nani? Shangazi akauliza.

— Na mimi.

Hoja ya Spika ilikuwa kwamba binti amefeli. Amefeli kimyakimya, anarudia darasa kimyakimya, na hicho chuo cha asubuhi ni kiinimacho tu. Nikamwambia cheti chake kimebandikwa ukutani kwa Spoku, sote tumekiona, tumekunywa soda siku kilipobandikwa. Spika akasema hakuna kitu chepesi kama kubandika karatasi ukutani.

Hapo Dokta akakohoa, na Dokta akikohoa ujue ana lake moyoni.

— Mimi sitaki kusema, akasema, kwa sauti ya mtu anayetaka sana kusema. Lakini juzi nilipita karibu na dirisha la karakana yao. Watoto wameinama mezani, mmoja ana spana, mwingine ana waya. Binti yetu kasimama pembeni. Hashiki kitu. Mikono nyuma, hivi.

Akasimama kutuonyesha. Akaweka mikono nyuma ya mgongo, vidole vimeshikana, kichwa kimeinama kidogo. Kwa kweli alionekana kama mtu anayesubiri hukumu.

— Mikono nyuma? Spoku akauliza.

— Muda wote niliokuwa pale.

Spoku akageukia kibanda chake. Huyu ni mtoto aliyeanza kushika spana kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Alikuwa akikaa pale kibandani, miguu haifiki chini, anakaza nati za baba yake na kuzikagua kama mwenye kampuni. Mtoto huyo asimame mbele ya vyuma bila kuvigusa? Spoku aliumia, na sisi badala ya kunyamaza tukaongeza kuni.

— Basi ni adhabu, Spika akatoa uamuzi.

— Adhabu ya mtu aliyekwishamaliza? Shangazi akasema.

— Ndiyo mbaya zaidi hiyo. Adhabu iliyochelewa ina riba.

Dokta akasema hapana, yeye kwa uzoefu wake wa hospitali anaona jambo jingine. Lile dude la roboti limemzoea. Alilijenga yeye akiwa mwanafunzi, likajua pumzi yake, na sasa asipokuwepo haliwaki. Analazimika kwenda kusimama pale kila mchana lipate nguvu. Alishawahi kumwona mgonjwa wa namna hiyo, asiyekula mpaka nesi fulani awepo wodini. Spika akaona Dokta anampita, akapanda ngazi nyingine: wanamnakili. Lile dude linamtazama anavyosimama, linamsoma kichwani, na mwakani litavaa sketi na kuajiriwa badala yake.

— Halafu likishaajiriwa litakuja kunyolewa kwangu? nikauliza.

— Litakuja kunyoa. Wewe kinyozi ndiye wa kwanza kukaa nyumbani.

Tukacheka. Mimi nikacheka pia, lakini nilijikuta nimeushika mkasi kwa nguvu kidogo.

Shangazi alikuwa hacheki. Akamimina kahawa kwenye kikombe cha Spoku mpaka ukingoni na kumuuliza kama amewahi kumuuliza binti mwenyewe.

— Nimemuuliza, Spoku akasema. Jana usiku nimemuuliza, mwanangu, mchana unafanya kazi gani pale? Unajua alinijibu nini? Baba, njoo uone. Basi. Mtu unauliza swali, unajibiwa njoo uone.

— Na ulikwenda?

Spoku akaifungua mikono yake mapajani na kuitazama. Ni mikono ambayo sabuni ilishakata tamaa nayo. Akasema toka binti anaanza kidato cha kwanza yeye hajawahi kupita lile geti. Siku za wazazi alimtuma mama wa binti.

— Niingie na mikono hii?

Ni bahati kwamba geti lenyewe ndilo lililofunguka.

Wakatoka watoto sita au saba wamevaa sare, wanasukuma mkokoteni wa jikoni kwao, na juu ya mkokoteni kuna kitu kimefunikwa kitambaa cha meza. Nyuma yao anatembea binti wa Spoku. Hasukumi. Mikono nyuma, kama Dokta alivyosema. Dokta akatugeukia wote mmoja mmoja, kidevu juu, akingoja tumpe haki yake.

Hapo ndipo nilipokumbuka. Asubuhi, kabla hajaenda chuoni, binti alikuja kuniomba kibaraza changu. Ukumbi wao umechukuliwa na mitihani, mashindano ni Jumamosi, na hawana sakafu nyingine iliyonyooka kama saruji ya mbele ya duka langu. Nilikuwa na kidevu cha mteja mkononi, nikasema sawa mwanangu, kama ninavyosema sawa kwa kila kitu nikiwa na wembe.

Wakatuamkia, tukaitikia kwa pamoja, tukainua miguu wapite. Kitambaa kikatolewa.

Mimi nilitegemea kitu chenye kichwa. Macho mekundu labda, na sauti kama ya mtu aliye ndani ya bomba. Hiki hakikuwa na kichwa. Kilikuwa fremu ya vyuma vyeupe, kimo cha stuli, magurudumu manne, minyororo miwili midogo, waya zimefungwa vizuri kwa rangi zake, na mkono mmoja uliotengenezwa kwa reli za droo ya kabati, zile reli za kuvuta na kusukuma. Watoto wakasimamisha nguzo ya fimbo ya ufagio upande wa pili wa kibaraza, wakapanga pete chini. Spoku akainama kuzitazama zile pete. Zilikuwa tairi kuukuu za baiskeli za watoto, ndogo, zilizopotea kibandani kwake moja baada ya nyingine. Mwezi mzima alikuwa anamshuku Spika.

Nahodha wao, msichana aliyefunga miwani yake kwa uzi wa viatu, akatueleza kwamba mwanzo wa mchezo roboti inakwenda peke yake. Hakuna rimoti. Wameshaiandikia kwenye kompyuta la kufanya, kilichobaki ni kuiwasha na kurudi nyuma. Akabonyeza kitufe, wakarudi nyuma wote. Na sisi tukarudisha miguu chini ya benchi.

Ikaondoka. Sauti yake ilikuwa ndogo, kama ya cherehani. Ikaenda vizuri mwanzoni, halafu ikaanza kuvuta kushoto, ikavuta, ikavuta, ikaenda kugonga ndoo ya Shangazi na kusimama hapo inahema. Wakairudisha. Ikafanya vilevile. Mara ya tatu Shangazi aliihamisha ndoo, ikagonga jiko.

Watoto wakaanza kubishana. Huyu anasema ni kompyuta, huyu anasema ni sakafu ya kinyozi, na hapo mimi nilikunja uso. Spoku alikuwa ameshasimama.

— Mnyororo huo, akaninong'oneza. Wa kushoto. Umelegea, nauona kutoka hapa.

Spana ilikuwa tayari mkononi, sijui ilitoka mfuko gani. Rangi ilikuwa imemrudia usoni. Alivuka kibaraza kama mtu aliyeitwa kwake, na watoto wakampisha, maana mtu mzima mwenye spana hupishwa. Binti yake ndiye aliyesimama mbele yake. Hakumshika, hakunyoosha hata kidole.

— Baba, mikono nyuma.

— Nini?

— Ndiyo sheria yetu. Ukishamaliza shule huigusi. Hata nati moja. Ni ya hawa. Unaruhusiwa kuuliza tu.

— Hata kama unajua kosa liko wapi?

— Hapo ndipo hasa.

Nimemjua Spoku miaka mingi. Sijawahi kumwona akipita kwenye mnyororo uliolegea akauacha. Hata baiskeli za watu asiowajua, zimeegeshwa tu, huzikaza. Alisimama pale na spana yake mbele ya watoto wa watu, na sisi benchi zima tukaogopa kumwona akiaibika. Halafu akairudisha mfukoni. Akapeleka mkono mmoja nyuma, akaufuatisha wa pili. Dokta akaweka yake nyuma. Shangazi akaacha birika jikoni na kuweka yake. Mimi nilijikuta nimeshaweka, mkasi uko mgongoni. Spika alikuwa na kikombe, akabaki na mkono mmoja nyuma, akiapa kwa macho kwamba na huo mwingine ungekwenda.

— Jana ilikuwa inakwenda wapi? binti akawauliza watoto.

— Moja kwa moja, nahodha akajibu.

— Tangu jana mmebadilisha nini?

— Hakuna kitu.

Binti hakusema kitu kingine. Alisubiri. Na mimi nataka nikieleze hicho kimya, kwa sababu pale kijiweni kwetu hakijawahi kukaa kimya cha namna ile. Sisi mtu akivuta pumzi, mwenzake ameshaingia. Huyu msichana aliuliza, akaacha swali likae pale sakafuni katikati ya watoto, na yeye akasimama nalo. Hakuguna, hakuwasaidia hata kwa jicho. Watoto walijikuna, wakatazamana, wakaizunguka roboti yao. Spoku alikuwa anatokwa na jasho. Niliona vidole vyake vikisokotana mgongoni.

Mmoja wao, mdogo kuliko wote, soksi moja imeshuka, akachuchumaa. Akaiinua roboti kidogo upande wa kulia, akaishusha. Akaiinua upande wa kushoto, akaishusha. Akarudia, kama mama anayepima matikiti sokoni.

— Huku kuzito, akasema.

Nahodha akashika kichwa.

— Betri. Jana jioni tuliihamishia pembeni ili iwe rahisi kuichomoa.

Wakacheka wote kwa pamoja, kicheko cha watu waliojikamata wenyewe, na vichwa vyao vikakutana juu ya vile vyuma. Wakafungua, wakairudisha betri katikati, wakakaza. Binti wa Spoku alikuwa anatabasamu, anatazama juu ya paa, ili wasimwone. Kitufe kikabonyezwa. Wakarudi nyuma.

Ikaenda. Imenyooka, taratibu, inapita mbele ya viatu vya kila mmoja wetu. Ikasimama mbele ya tairi ya kwanza. Ule mkono wa reli za droo ukashuka, ukasita, kama unajiuliza, ukaingia katikati ya tairi na kuinyanyua. Ikageuka. Ikaenda mpaka kwenye fimbo ya ufagio, ikauinua mkono juu, juu zaidi ya vile nilivyodhani unaweza kufika, ikaitundika ile tairi kuukuu ya Spoku, ikaiachia, ikarudi nyuma hatua moja na kutulia. Hakuna aliyekuwa ameigusa. Hakuna aliyekuwa ameiambia chochote. Waliiambia jana, wakiwa wamekaa mezani, na leo ilikuwa imekumbuka.

Mwili ulinisisimka. Sijui kusema vizuri zaidi ya hivyo. Nimeona magari, nimeona ndege juu, nimeona simu inayoongea, na vyote hivyo vilikuja kwangu vikiwa tayari, vimetengenezwa na watu nisiowajua. Hiki kimetengenezwa na mtoto mwenye soksi moja imeshuka, ninayemnyoa kila mwisho wa mwezi na anayelia nikikaribia sikio. Spika alikuwa ameinamisha kikombe, kahawa inamdondokea kwenye suruali, hana habari. Jikoni birika likachemka, likafurika, kahawa yote ikamwagika kwenye mkaa, na Shangazi, ambaye hajawahi kupoteza tone, hakugeuka.

Spoku alimsogelea binti yake. Alinong'ona, lakini sote tulimsikia.

— Ulijua ni betri?

— Sikujua, baba. Nilidhani mnyororo.

— Mnyororo?

— Wa kushoto. Si wewe uliyenifundisha kuanza na mnyororo?

Spoku akauangalia tena ule mnyororo.

— Ningesema mnyororo, wasingebisha, binti akaendelea. Wananiamini sana hawa. Wangeufungua, wangeukaza, Jumamosi ungekatika. Na yule mdogo asingechuchumaa.

— Na hii sheria mliipata wapi?

— Kwa waliotutangulia. Walimaliza shule, wakawa wanarudi, wanasimama pembeni, mikono nyuma, wanauliza maswali. Niliwachukia, baba. Nilikuwa naona hawajui kitu. Siku moja wakaniuliza mpaka nikalia, na nikiwa bado nalia nikaliona kosa. Mimi mwenyewe nililiona. Nikageuka kuwatazama, walikuwa wamefurahi kuliko mimi. Siku hiyo nikasema nikimaliza na mimi nitarudi.

Yule mdogo alikuwa anamwita. Sasa kulikuwa na shida ya tairi ya pili, mkono unaipita kwa mbali. Akaenda kusimama mahali pake. Spoku alibaki pale alipokuwa, na mikono yake bado iko nyuma. Nadhani alikuwa ameisahau.

Wakati huo akafika mtu ambaye hatujawahi kumwona, anakokota baiskeli yenye gurudumu lililoishiwa upepo. Alikuwa anatafuta fundi, tukamwonyesha Spoku. Akaisimamisha ukutani na kuangalia kilichokusanya watu: watoto wamepiga magoti kwenye saruji, nahodha anaandika kwenye kompyuta iliyo juu ya stuli yangu, mdogo amelala kifudifudi anapima kwa vidole. Akaangalia kwa muda, kisha akamgeukia Spoku kwa heshima.

— Fundi, hawa watoto naona wanafanya kazi. Yule dada mkubwa aliyesimama tu, yeye anafanya nini pale?

Nikamtazama Spika. Spika akafungua mdomo, akaufunga. Dokta aliangalia ndani ya kikombe chake, ambacho kilikuwa kitupu. Shangazi akaanza kupanga vikombe vilivyokuwa vimeshapangwa. Muda mfupi tu uliopita, kabla hatujaona kitu, tulikuwa na majibu ya kugawa: amefeli, anatumikia adhabu, analigawia dude pumzi, ananakiliwa. Sasa tumeona kwa macho yetu wenyewe, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na sentensi.

Simu ikalia mfukoni mwa Spoku. Ilimbidi atoe mkono mmoja mgongoni ili aipokee. Sauti ya kaka yake huwa kubwa, sote tuliisikia ikisalimia, ikauliza hali ya nyumbani, ikauliza kama binti aanze kesho au keshokutwa.

— Hataweza, ndugu yangu, Spoku akasema. Nashukuru sana, lakini mchana ana kazi.

Tukasikia mshangao upande wa pili, halafu swali lilelile la mgeni wetu: kazi gani?

Spoku akamtazama binti yake. Alikuwa amesimama vilevile, mikono nyuma, anasubiri. Akamtazama kwa muda mrefu hata kaka yake akadhani simu imekatika, akaanza kuita halo, halo.

— Njoo uone, Spoku akasema.